Kichujio cha kidimbwi: Usafi uliopindukia huangamiza samaki

MFUGAJI wa samaki anayeamua siku moja kukisugua kichujio cha kidimbwi chake hadi kikang'aa huenda akaamkia msiba siku mbili au tatu baadaye. Samaki huonekana wakielea karibu na uso wa maji wakitweta, matamvua yakichezacheza kwa kasi, ilhali maji yenyewe ni maangavu kuliko yalivyokuwa wiki nzima iliyotangulia. Wengi huishia kulaumu chakula, maradhi au jirani mwenye kijicho. Ni nadra lawama kuelekezwa panapostahili, yaani kwenye brashi, sabuni na maji ya mfereji.

Kisa na maana ni kwamba kichujio cha kibayolojia si chombo cha kuchuja kama chujio la chai. Ni makazi ya viumbe hai. Kokoto, vifuniko vya chupa, vipande vya mabomba au nyavu kuukuu zinazojazwa ndani ya pipa hilo hazina kazi kubwa zenyewe. Kazi yote hufanywa na utando mwembamba, mtelezi, wa rangi ya hudhurungi unaozigandia. Utando huo ndio bakteria. Anayeuona kuwa uchafu na kuukwangua huwa amewafukuza kazi vibarua ambao hatawapata tena kabla ya mwezi mmoja au zaidi kupita.

Suala hili halikuwasumbua sana wafugaji waliozoea kidimbwi cha udongo, cha aina iliyosambazwa nchini kuanzia mwaka wa 2009 chini ya Mpango wa Kuchochea Uchumi, ambapo Serikali ilikusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na eneo la mita 300 mraba. Katika kidimbwi cha namna hiyo samaki ni wachache kwa kila lita ya maji, na tope la chini pamoja na mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hufyonza sehemu kubwa ya sumu inayotokana na kinyesi. Udongo wenyewe ndio kichujio.

Hali ni tofauti uani mwa nyumba ya mjini, ambako nafasi ni finyu na mfugaji ametandika karatasi ya plastiki shimoni, amejenga tangi la saruji au amenunua tangi la plastiki. Hapo hakuna tope la kumsaidia. Maji ni yale yale, yanazungushwa na pampu kutoka kidimbwini hadi kwenye mapipa ya kuchujia na kurudi, na samaki wamesongamana kuliko wanavyosongamana ziwani. Kichujio kikizimia, hakuna kinga nyingine.

Hesabu ya amonia

Uzito wa jambo hili hueleweka vyema kwa tarakimu. Chukua tangi la lita 5,000 lenye tilapia 200, kila mmoja akiwa na gramu 150. Hao ni kilo 30 za samaki. Wakilishwa asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, watakula gramu 600 za chakula. Ikiwa chakula hicho kina asilimia 30 ya protini, samaki hao watatoa takriban gramu 16 za nitrojeni ya amonia kila siku, nyingi ikipitia kwenye matamvua wala si kwenye kinyesi kama wengi wanavyodhani. Zikitawanywa katika lita 5,000, ni kama miligramu 3 kwa kila lita, kwa siku moja tu. Siku ya pili ni 6.

Amonia hiyo haiwi na ukali ule ule nyakati zote. Majini huwa na sura mbili: moja ni kali na hupenya matamvua kwa urahisi, na ya pili ni pole kiasi. Kinachoamua uwiano wa sura hizo ni joto na, hasa, kipimo cha asidi kinachojulikana kama pH. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 7, sehemu iliyo kali haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8 hukaribia asilimia 5 au 6. pH ikipanda hadi 9, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote ni ile kali. Kwa hivyo zile miligramu 3 za siku moja, katika maji ya pH 8, hutoa sumu mara tatu ya kiwango cha miligramu 0.05 ambacho wataalamu hushauri kisivukwe.

Ndipo bakteria huingilia kati. Kundi la kwanza huibadili amonia kuwa nitriti. Kundi la pili huibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili hata ikiwa nyingi na ambayo mboga huifurahia. Aliyefumbua fumbo hili ni mwanasayansi Mrusi, Sergei Winogradsky, ambaye mnamo 1890, akiwa Zurich, alifanikiwa kuwatenga bakteria hao na kuonyesha kwamba wao huishi kwa kuchoma amonia jinsi viumbe wengine wanavyochoma sukari. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa hatua hizo mbili lazima zigawanywe baina ya viumbe wawili. Lakini mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kupata bakteria awezaye kuzikamilisha zote mbili peke yake, na kundi mojawapo la watafiti hao lilikuwa limemtoa katika kichujio cha ufugaji wa samaki. Chombo ambacho mfugaji hukikwangua Jumamosi asubuhi kimewapa wanasayansi wa dunia kazi ya kufikiri.

Kasoro moja ya bakteria hawa ni uzito wao wa kuzaana. Bakteria wa uozo wanapopata chakula tele huongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa au chini yake. Hawa wa amonia huhitaji karibu siku nzima, na maji yakiwa baridi huhitaji zaidi. Hii ndiyo sababu kichujio kipya huchukua baina ya majuma manne na manane kukomaa, na ndiyo sababu kosa la dakika kumi la usafishaji hugharimu muda mrefu namna hiyo kurekebisha.

Mapipa mawili, kazi mbili

Makosa mengi hutokana na kuchanganya vyombo viwili ambavyo havifanani. Cha kwanza ni pipa la kutulizia, ambamo maji kutoka kidimbwini huingia polepole na kuacha mashapo yake: kinyesi, mabaki ya chakula, majani. Pamoja na pipa hilo huwa na sponji au nyavu za kunasa vitu vidogo vilivyopita. Cha pili ni pipa la bakteria.

Pipa la kutulizia halina wa kuhurumiwa. Linapaswa kufunguliwa vali yake ya chini kila siku au kila baada ya siku mbili, na sponji zake zikamuliwe angalau mara moja kwa wiki. Kadiri mashapo yanavyotolewa mapema ndivyo pipa la bakteria linavyobaki safi lenyewe. Mfugaji anayelalamika kuwa kichujio chake cha bakteria huziba kila wiki mbili hana tatizo la bakteria. Ana pipa la kutulizia lililo dogo mno, au lisilofunguliwa, au anawatupia samaki chakula kuliko wanavyoweza kumaliza.

Pipa la bakteria, kwa upande wake, liguswe kwa nadra. Hakuna kalenda moja inayofaa kila ua. Baadhi hukaa miezi mitatu bila kuhitaji lolote, na mengine huhitaji kuangaliwa kila mwezi. Dalili ndizo za kufuatwa. Maji yakianza kupanda na kufurika juu badala ya kupenya katikati ya kokoto, njia zimeziba. Mkondo unaorudi kidimbwini ukipungua ingawa pampu ni nzima na sponji zimekamuliwa, vivyo hivyo. Rangi na harufu pia husema. Utando wa hudhurungi wenye harufu ya udongo uliolowa ni wa afya. Tope jeusi linalonuka mayai viza ni ishara kwamba ndani mna mahali pasipofikiwa na oksijeni, na huko bakteria wazuri wamekwisha kufa na wale wa uozo wamerithi makao.

Kitu kimoja hakipaswi kuwa sababu ya kuosha: sura mbaya. Pipa la bakteria lililokomaa si la kuvutia macho, na halikusudiwi liwe hivyo.

Namna ya kuosha

Shughuli yenyewe si ngumu, ila inahitaji utaratibu. Siku hiyo samaki wasilishwe asubuhi, ili amonia iwe kidogo wakati kichujio kinapochokozwa. Mfugaji ateke maji ya kidimbwi chenyewe katika beseni au ndoo mbili kubwa. Hili ndilo sharti kuu kuliko yote. Maji ya mfereji hutiwa klorini makusudi ili kuua bakteria wanaodhuru wanywaji, na klorini haina macho ya kubagua bakteria wa kipindupindu na bakteria wa kidimbwi. Kiasi ambacho mnywaji hakionji hata kidogo chatosha kuwaangamiza wale walio kwenye utando.

Baada ya pampu kuzimwa, vali ya chini ya pipa ifunguliwe ili tope lililotulia litoke. Kisha nusu ya vitu vilivyomo itolewe. Wanaovitia katika mifuko ya nyavu, kama ile ya kuuzia vitunguu, hufanya kazi hii kwa dakika chache. Waliomwaga kokoto moja kwa moja ndani ya pipa hujuta. Mfuko uchovywe katika ndoo na kupandishwa na kushushwa mara kadhaa, mpaka tope zito litoke. Hapo basi. Asisugue, asitumie brashi, asitie sabuni, na kwa vyovyote vile asitumie dawa ya kung'arishia nguo. Maji ya ndoo yakiwa machafu yabadilishwe kwa mengine ya kidimbwi. Utando ukibaki ukiteleza vidoleni, kazi imefanywa vizuri.

Mifuko irudishwe ingali imelowa. Kuianika juani, hata kwa saa moja tu huku mfugaji akinywa chai, ni kuwaua bakteria kwa njia nyingine. Nusu iliyobaki isiguswe siku hiyo. Ingojee majuma mawili au matatu, hadi nusu ya kwanza itakapokuwa imepata nguvu tena. Aidha, sponji za pipa la kutulizia zisikamuliwe siku ile ile, kwani nazo zina bakteria wao wanaosaidia.

Kwa siku mbili au tatu zinazofuata, chakula kipunguzwe hadi nusu. Samaki hawafi njaa kwa siku tatu. Mwenye kifaa cha kupimia maji apime amonia na nitriti kila siku katika kipindi hicho, na hapa pafaa kusemwa wazi kwamba kifaa hicho ni sehemu ya gharama ya ufugaji wa aina hii sawa na pampu. Macho hayaoni amonia. Mfugaji anayenunua vifaranga wa maelfu ya shilingi na kukataa kununua chupa mbili za dawa ya kupimia anabana matumizi mahali pasipofaa.

Kipimo cha nitriti kinahitaji maelezo zaidi. Kichujio kikijeruhiwa, mara nyingi kundi la kwanza la bakteria hupona mapema kuliko la pili, na hapo amonia hushuka huku nitriti ikipanda. Mfugaji aliyepima amonia pekee hudhani hatari imepita. Nitriti huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Matamvua hugeuka rangi na kuwa ya kahawia, na samaki hutweta hata katika maji yenye hewa tele. Dawa yake ya dharura ni ya jikoni. Chumvi ina kloraidi ambayo hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua na kuizuia isiingie. Nusu kilo kwa kila lita 1,000, ikiyeyushwa kwanza ndooni na kumwagwa taratibu, huvumiliwa vyema na tilapia na kambare, na haiwadhuru bakteria. Huku nyuma, chakula kisimamishwe na sehemu ya maji ibadilishwe.

Maji mapya na magadi

Maji ya mfereji yanayokusudiwa kuongezwa kidimbwini yaachwe kwanza kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, yakikorogwa au kupulizwa hewa, ili klorini itoke. Panapotumika kloramini badala ya klorini ya kawaida, kungoja hakusaidii. Huhitajika dawa kama sodiamu thaiosalfeti, na hata hiyo huacha amonia kidogo ambayo kichujio kitapaswa kuimaliza. Maji ya kisima cha kuchimbwa hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni haba, na yafaa kumwagwa kutoka juu yakirukaruka kabla ya kufika kwa samaki.

Maji ya mvua, ambayo wengi huyaona kuwa baraka tupu, yana kasoro isiyoonekana. Bakteria wanapobadili amonia hutengeneza asidi, na maji huhitaji kuwa na akiba ya madini ya kuizimua. Maji ya visima vya Pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, huwa na akiba kubwa ya namna hiyo. Maji ya paa hayana karibu chochote. Katika lile tangi la mfano, gramu 16 za nitrojeni humeza kila siku akiba inayolingana na zaidi ya gramu 110 za chokaa. Ikiwa maji yalianza na miligramu 100 kwa lita, tangi zima lina gramu 500, na kama hakuna maji yanayobadilishwa, akiba hiyo huisha kabla ya wiki kwisha. pH huporomoka, na ikipita chini ya 6.5 bakteria hulegea. Ikikaribia 6 karibu wote hugoma. Amonia basi hujikusanya kimyakimya, ikiwa katika sura yake ya upole kwa sababu ya asidi ile ile.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mfugaji anayegundua pH imeshuka hukimbilia kumwaga chokaa au magadi, pH huruka hadi 8 kwa saa moja, na amonia yote iliyokuwa imelala huamka kwa ukali wake. Samaki hufa jioni hiyo. Njia iliyo salama ni kubadilisha kwanza robo ya maji, kupima amonia, kisha kupandisha pH kidogo kidogo kwa siku kadhaa kwa kutumia magadi ya kuokea yanayouzwa madukani kwa jina la beking soda. Bora zaidi ni kutongoja mporomoko. Mifuko michache ya makombe ya baharini yaliyopondwa ndani ya kichujio huyeyuka yenyewe polepole pindi maji yanapoelekea kuwa asidi, na kwa matangi yenye samaki wengi, vijiko vichache vya beking soda kila siku hukamilisha kilichopungua.

Magadi yenyewe, yale yanayochotwa katika Ziwa Magadi, si mbadala wa beking soda. Yana nguvu zaidi na huipandisha pH kupita kiasi. Inatosha kukumbuka kwamba katika ziwa hilo, ambalo pH yake hukaribia 10, samaki wa kawaida asingeweza hata kuitoa amonia mwilini mwake. Aina ndogo ya tilapia inayoishi humo imelazimika kuacha kabisa desturi ya samaki wenzake: hutoa yurea, kama binadamu. Tilapia wa uani hawana kipawa hicho.

Stima inapopotea

Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine zilikaa gizani kwa saa nyingi mno. Mwenye kidimbwi cha udongo alilala. Mwenye tangi lenye pampu hakuwa na bahati hiyo, na tangu hapo kukatika kwa umeme, kwa muda mfupi au mrefu, hakujakoma kuwa sehemu ya maisha.

Kila mtu hufikiria samaki kwanza, na ni sawa, kwani oksijeni huwaishia upesi. Kambare angalau huweza kupanda juu na kuvuta hewa. Tilapia hana uwezo huo. Kinachosahaulika ni kwamba bakteria nao hupumua, tena kwa pupa: kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia huhitaji zaidi ya gramu 4 za oksijeni ili ibadilishwe. Maji yakisimama ndani ya pipa lililojaa, oksijeni iliyomo huisha baada ya saa chache, bakteria huanza kufa, na uozo huzalisha gesi ile inayonuka mayai viza. Umeme unaporejea, pampu huyasukuma maji hayo yenye sumu moja kwa moja hadi kwa samaki waliokwisha kudhoofika. Baadhi ya wafugaji hushangaa kwamba samaki walivumilia giza lakini walikufa baada ya taa kuwaka.

Kwa hiyo, umeme ukikawia zaidi ya saa mbili au tatu, vali ya chini ifunguliwe na pipa la bakteria liachwe likauke maji, ila vitu vilivyomo vibaki vimelowa. Ni ajabu kidogo, lakini bakteria waliokaa katika hewa yenye unyevu huishi kwa muda mrefu zaidi kuliko waliozama katika maji yaliyosimama. Kila nusu saa wamwagiwe kikombe cha maji kutoka kidimbwini, lifunikwe gunia lililolowa ikiwa ni mchana, na chakula kisitolewe kabisa. Umeme ukirejea, maji ya kwanza yanayopita katika kichujio yamwagwe nje kabla ya mkondo kuelekezwa kidimbwini. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya gari au paneli ya jua huondoa sehemu kubwa ya balaa hii, na bei yake huwa chini ya thamani ya samaki wa msimu mmoja.

Wale wanaounda kichujio kwa mara ya kwanza wana nafasi ya kujikinga tangu mwanzo. Kichujio cha kudondoshea, ambamo maji humwagwa juu ya vifuniko vya chupa na kuteremka kama mvua badala ya kulijaza pipa, hujipatia oksijeni kutoka hewani na hustahimili kukatika kwa umeme kuliko kile kilichozamishwa. Vifuniko hivyo ni vyepesi, havigharimu kitu, na vina mikunjo mingi ya bakteria kujishikilia. Kokoto ni nzito, huziba na humchosha aoshaye.

Kichujio kipya kisingojee bakteria waje wenyewe. Mfuko mmoja uliotolewa kwenye kichujio kilichokomaa cha mfugaji anayeaminika, ukisafirishwa umelowa na kuwekwa ndani ya pipa jipya, hufupisha wiki nyingi. Mwenye kutoa mfuko huo awe na samaki wenye afya, kwani maradhi nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Samaki waongezwe kwa mafungu. Katika maeneo ya baridi kama Limuru, kichujio kilichoanzishwa mwezi wa Julai kitajikokota. Kile kile kikianzishwa Februari kitakomaa mapema zaidi, kwa kuwa bakteria hawa hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30.

Dawa za kutibu samaki ni hatari nyingine inayosahaulika. Viuavijasumu na pamanganeti ya potasiamu havijui mipaka baina ya kidimbwi na kichujio. Samaki mgonjwa atibiwe katika beseni la kando lenye hewa, na ikiwa ni lazima kidimbwi kizima kitiwe dawa, mkondo wa kwenda kwenye kichujio ukatwe na pipa lizungushiwe maji yake pekee hadi dawa iishe nguvu.

Lile tope linalotoka vali ya chini lisimwagwe mtaroni. Ni mbolea iliyo tayari, yenye nitrojeni na fosforasi, na yafaa kumwagwa kwenye mashina ya sukumawiki, migomba au nyasi za mifugo, isipokuwa katika majuma ambayo kidimbwi kilitiwa chumvi au dawa. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, kama vile dania na nyanya, limwagwe udongoni pasipo kugusa majani wala matunda, na mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kufika mezani.